Tawi lililowahi kuwa mti

Mei 2021, siku ya uchaguzi wa Bunge la Uskoti, niliingia kituo cha kura hapa Edinburgh nikiwa na barakoa usoni na penseli mfukoni, maana kwa sababu ya korona tuliombwa kila mtu aje na ya kwake. Mimi ni Mtanzania, na sisi raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi huku kihalali tunapiga kura kama wenyeji. Nikapewa karatasi mbili: moja ya zambarau hafifu, ya kumchagua mbunge wa jimbo, nyingine ya rangi ya pichi, ya kuchagua chama kwa ajili ya viti vya mkoa. Hiyo ya pichi ndiyo iliyowaweka hai Wahafidhina wa Uskoti, yaani chama cha Conservative. Na bunge lililoileta ni lile lile walilozunguka nchi nzima mwaka 1997 wakiwaomba watu walikatae.

Vijana wa huku wanadhani Uskoti iliwachukia Wahafidhina tangu enzi na enzi. Bibi wa ghorofa ya chini, aliyevuka miaka themanini, hulicheka jambo hilo. Baba yake alikuwa fundi wa meli Glasgow, Mprotestanti wa kindakindaki, na kura yake ilikuwa ya Unionist. Si Conservative, alinisahihisha, Unionist. Chama hicho kilikuwa na jina lake na uongozi wake, ingawa Bungeni London kilikaa upande mmoja na Wahafidhina. Muungano uliokuwa ukitajwa kwenye jina hilo, kwa taarifa yako, haukuwa wa Uskoti na England bali wa Ireland na Uingereza.

Mwaka 1955 chama hicho pamoja na washirika wake kilipata asilimia 50.1 ya kura za Uskoti na viti 36 kati ya 71. Hata SNP, chama kinachotaka uhuru wa Uskoti, ilipozoa viti 56 kati ya 59 mwaka 2015, nusu ya kura iliikosa kwa punje. Kisha 1965 Unionist wakajiunga rasmi na Wahafidhina wa London. Kilichokuwa chama kikawa tawi.

Sisemi kwamba hilo peke yake ndilo lililowaua. Makanisa yalianza kuwa matupu, viwanda vya meli vikafungwa, himaya iliyowapa Waskoti wengi kazi ng'ambo ikamalizika. Lakini mambo hayo yalipoanza kuuma, tawi halikuwa na sauti yake ya kuyasemea.

Halafu ikaja kodi ya kichwa. Nyumbani, ukitamka maneno hayo mbele ya mzee, hata leo anakunja uso, maana anakumbuka simulizi za mkoloni. Serikali ya Margaret Thatcher iliianzisha Uskoti mwaka 1989, mwaka mzima kabla ya England na Wales. Ndani ya halmashauri moja mwenye jumba na mpangaji wa chumba walitozwa kiwango kimoja, ukiacha nafuu kwa wasio na kipato. Waskoti wakajiona panya wa maabara. Hapa, hata hivyo, London naitetea kidogo: waliosukuma kodi hiyo ije haraka walikuwa Wahafidhina wa Uskoti wenyewe, waliotishwa na hasira za wenye nyumba baada ya tathmini mpya ya majengo ya 1985 kupandisha kodi ya zamani. Tawi liliomba moto, shina likaleta kiberiti.

Viti 22 vya mwaka 1979 vikawa 10 mwaka 1987. John Major alijaribu kubembeleza. Mwaka 1996 serikali yake ilirudisha Jiwe la Scone, jiwe la kutawazia wafalme ambalo Edward I alilichukua mwaka 1296. Jiwe likarudi, kura hazikurudi. Mei 1997 chama kilipata asilimia 17.5 ya kura na viti sifuri kati ya 72. Malcolm Rifkind, waziri wa mambo ya nje, alibwagwa hapa hapa Edinburgh.

Ukisoma hesabu hiyo vizuri utaona mtu mmoja kati ya sita aliwapigia kura na hawakupata hata kiti cha kukalia. Bunge jipya la Uskoti, Holyrood, lilipochaguliwa 1999 kwa mfumo unaochanganya majimbo na uwiano, wakapata viti 18, vyote vya orodha ya mkoa. Kule Westminster, bunge la London, waliendelea na mbunge mmoja kuanzia 2001, na panda wawili walipoletwa kwenye bustani ya wanyama ya Edinburgh mwaka 2011, utani ukawa kwamba Uskoti ina panda wengi kuliko wabunge wa Tory, yaani Wahafidhina.

Mwaka huo huo Murdo Fraser aligombea uongozi kwa hoja moja ya kishujaa: tulivunje hili tawi, tuanzishe chama chetu kipya cha Uskoti. Akashindwa na Ruth Davidson. Davidson alikuwa hodari, sikatai, lakini kilichompandisha zaidi ni kura ya maoni ya uhuru ya 2014. Asilimia 55 walikataa kujitenga, na watu hao wakatafuta wa kuwalinda. Mwaka 2016 chama kikafikisha viti 31 Holyrood na kukipiku chama cha Labour. Mwaka 2017 kikapata viti 13 Westminster, na bila hivyo waziri mkuu Theresa May asingebaki madarakani. Kwa mara moja tawi likabeba shina.

Shukrani zake tuliziona. Januari 2022 Douglas Ross, kiongozi wa tawi la Uskoti, alimtaka waziri mkuu Boris Johnson ajiuzulu kwa sherehe za wakati wa korona. Jacob Rees-Mogg, akiwa waziri, alijibu kwenye televisheni kwamba Ross ni mtu mwepesi, hana uzito. Kiongozi wa chama Uskoti nzima! Miezi miwili baadaye Ross akaondoa barua yake ya kutokuwa na imani na Johnson, akitaja vita vya Ukraine.

Mwaka 2024 ikawa aibu ya nyumbani kabisa. Chama kilimweka pembeni mbunge wake David Duguid, aliyekuwa akiugua, ingawa mwenyewe alisema yuko tayari kugombea. Ross akachukua nafasi hiyo, kelele zikazidi, akatangaza ataacha uongozi, kisha akashindwa na SNP kwa kura zisizofika 1,000, huku chama cha Reform kikibeba maelfu ya kura. Viti vitano tu, asilimia 12.7.

Mimi naona Fraser alikuwa sahihi, na mwaka 2017, wakiwa na nguvu, ndio ulikuwa wakati wa kukata kamba. Mwenyewe ameshindwa jimboni mara kadhaa, lakini kuanzia 2001 mpaka uchaguzi ule wa 2021 niliokwenda na penseli yangu, hakukosa kiti Holyrood. Kila mara kilitoka kwenye ile karatasi ya pichi.