Niacheni na Ibiskusi Yangu

Juzi kijana mmoja mwenye kadi shingoni alisimama mbele ya tablo yangu, mchoro wa ua moja jekundu la ibiskusi, mita 2 kwa 2. Akaitazama kwa adabu zote, kisha akaniuliza: "Mama, iko muzuri sana. Lakini Congo iko wapi mule?"

Nikamwambia, "Ndiyo uzio wa lupango yangu, wa kiwanja changu, baba." Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Nimechoka. Mchoraji wa Lubumbashi akishika burashi tu, watu wanangoja shimo la kobalti, mtoto mwenye gunia mgongoni, askari. Asipoleta hayo, basi huyo anapamba sebule. Wanaochora mgodi kwa sababu unawanyima usingizi, nawaheshimu. Wanaouchora kwa sababu mnunuzi anatua wiki ijayo, tunajuana.

Watetezi wangu ndio wananimaliza kabisa. Utawasikia: ua la hapa kwetu Katanga si ua tu! Kuna ua la shaba, Haumaniastrum katangense, linaloota kwenye udongo wenye shaba nyingi ambako mimea mingi hushindwa, hata watafuta madini wakawa wanalifuata. Ni kweli, na ua lenyewe ni zuri. Lakini mbona hata mkinitetea mnanirudisha mgodini? Georgia O'Keeffe naye, mchoraji wa Marekani, alipochora maua yake makubwa kupita kiasi miaka ya 1920, wakosoaji walishikilia kwamba hayo si maua, ni mwili wa mwanamke. Aliwakatalia. Mwaka 2014 ua lake jeupe, alilolichora 1932, liliuzwa zaidi ya dola milioni 44, na bado kuna wanaombishia.

Anayesema ua ni kazi rahisi aje kwangu mwezi wa saba, upepo mkavu ukivuma na vumbi jekundu likiingia hadi kwenye sufuria. Akriliki, rangi yangu inayozimuliwa kwa maji, hukauka maji yake yakipotea, na kiangazi cha hapa hakina subira. Petali moja ya ibiskusi yangu ni pana kuliko mabega yangu. Inatoka wekundu mzito wa kooni, inapanda hadi waridi hafifu ukingoni, na jicho halitakiwi kuona mpaka popote. Ukifika juu, chini kumeshakauka. Wanaochora kwa rangi ya mafuta wana siku nzima ya kulainisha. Sawa, hapo wametushinda. Sisi tunapanda tabaka juu ya tabaka, jembamba, linaloonyesha lililo chini yake, na chupa ya kupulizia maji ya saluni iko kiunoni. Maji nayo yana kipimo: ukizimua kwa maji matupu kupita kiasi, rangi inakosa gundi ya kuishika kwenye kitambaa. Halafu rangi hiyo inadanganya. Ikiwa mbichi gundi yake ni nyeupe kama maziwa. Ikikauka inakuwa wazi kama kioo, na wekundu unakoza. Kwa hiyo unachanganya ndoo ya kutosha petali zote tangu mwanzo, maana ikiisha katikati, kuipata tena ileile ni bahati. Na katikati ya ua, ule mkono wa chavua wenye vichwa vitano mwishoni: kwenye uzio hata huutazami, hapa kila kichwa kimekuwa kikubwa kama ngumi na kinadai kivuli chake.

Ndiyo, najua, maua mabaya yamejaa mjini, yale ya juu ya kochi, yanayong'aa kuliko plastiki. Na migodi mibaya je? Mbona hiyo hamuihesabu?

Mji huu haukuanza jana kuchora majani. Le Hangar, shule ya uchoraji, ilifunguliwa hapa 1946. Pilipili Mulongoy akajaza karatasi ndege, samaki na mimea, Bela akachora kwa ncha za vidole. Mfaransa aliyeianzisha alikuwa na ndoto zake kuhusu Waafrika, sibishi. Vidole vilikuwa vya Bela.

Sasa naandaa maua ya jakaranda, kichala kimoja tu, kikubwa kuliko mlango wangu. Kitambaa nitakipigilia misumari ukutani bila fremu. Kikikauka nakikunja kama mkeka, rangi upande wa nje ili isijikunje na kupasuka, karatasi katikati isigandane kwa joto. Anayetaka kidogo cha kutundika juu ya televisheni, mimi sina.