Namungo na Uwanja wa Majaliwa: timu ya mtu au timu ya Ruangwa?

Tangu Kassim Majaliwa alipoachia uwaziri mkuu Novemba 2025, swali moja halikwepeki kwa wapenzi wa soka wa Kusini: Namungo, timu ya Ruangwa mkoani Lindi, itabaki Ligi Kuu bila mbunge wa zamani wa mji huo? Wenye shaka wana hoja. Timu ilipanda mwaka 2019 naye akiwa Waziri Mkuu, na uwanja wa nyumbani unaitwa kwa jina lake. Mji wenyewe ni mdogo, mbali na bahari na mbali na viwanda. Wanasema nguvu ya mtu ikiondoka, timu nayo huondoka, na heri ihamie mji wenye watazamaji wengi.

Hofu hiyo siipuuzi. Ndanda ya Mtwara ilipanda msimu wa 2014/15, ikacheza uwanja wa Nangwanda Sijaona mbele ya mji mkubwa kuliko Ruangwa, na bado ukata ukaishusha daraja mwaka 2020. Lakini hapo hapo ndipo hoja ya wenye shaka inapolegea. Kama mji mkubwa ungekuwa kinga, Ndanda, Wana Kuchele, wangekuwepo hadi leo. Msimu huohuo walioshuka, Namungo ilimaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga.

Hao wanaoibeza hupenda kutaja msimu wa kimataifa wa 2020/21: mechi sita za makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, pointi sifuri, bao sifuri. Takwimu hii inaniuma kila inapotajwa, maana husemwa nusu. Kundi lilikuwa na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, na zile mechi tatu za "nyumbani" zilichezwa Dar es Salaam. Shabiki wa Ruangwa aliyeipandisha timu ile aliziona kwenye runinga. Kweli, Dar es Salaam hiyohiyo ndiko Namungo walikoifunga 1º de Agosto ya Angola 6-2 kabla ya makundi, kwa hiyo siwezi kuubebesha uwanja lawama yote. Ila ni makosa kuipima Ruangwa kwa mechi ambazo Ruangwa haikuandaa.

Ilipoandaa, tuliona. Julai 2020 Simba walikabidhiwa kombe la ubingwa pale Majaliwa, baada ya Namungo kuwabana sare ya 0-0. Yanga au Simba wakija, gesti zinajaa, mama lishe wanaongeza masufuria, vijana wanapanda bodaboda kutoka Nachingwea. Msimu wa 2021/22 baadhi ya mechi zilipopelekwa uwanja wa Ilulu, Lindi mjini, fedha hiyo nayo ilihama.

Na fedha ya mlangoni siyo tena roho ya klabu kama enzi za Ndanda. Mkataba wa Azam wa kuonyesha mechi za ligi kwenye televisheni, wa mwaka 2021, ni Sh225.6 bilioni kwa miaka 10, na mgawo wake unaifikia hata klabu ya mji mdogo. Kwa hiyo sioni sababu ya kuihamisha timu kwa kufuata watazamaji wengi.

Wenye shaka wako sahihi kwenye jambo moja, nalo ni zito: klabu ni ya nani? Wanachama wawe na kadi, mkutano mkuu na haki ya kuhoji hesabu, na halmashauri iseme wazi nani anatunza nyasi na taa. Hayo yafanyike sasa, timu ikiwa bado Ligi Kuu, kwa sababu Ndanda haikupata nafasi hiyo.