Niachieni Zilizochakaa

Wakusanyaji wenzangu wa tokeni za shaba za Uingereza za karne ya 18, yaani sarafu zilizotolewa na watu binafsi wala si serikali, hugombania zile zinazong'aa kana kwamba zimegongwa jana. Mimi nazitaka zilizochakaa kwa kupita mikononi mwa watu, na bei yake nailipa kwa moyo mweupe.

Tokeni hizi zilizaliwa na shida ya chenji. Serikali iliacha kutoa nusu peni za shaba baada ya zile za 1775, na sokoni zikajaa za bandia. Mwenye mgodi angemlipaje kibarua wake? Mwaka 1787 kampuni ya mgodi wa shaba wa Parys, kisiwani Anglesey huko Wales, ikagonga peni yake yenyewe: upande mmoja kichwa cha kuhani wa kale aliyejifunika ushungi, upande wa pili ahadi ya kumlipa aliyeishika. Ukingoni, pale wengi wasipotazama, pametajwa mahali pa kwenda kuidai: London, Liverpool au Anglesey. Nikipewa tokeni yoyote, naanza kusoma ukingo. Deni limeandikwa hapo.

Miaka michache baadaye kukusanya kukawa homa. Mafundi wakaanza kuoanisha chapa zisizohusiana, uso wa mji huu na mgongo wa mji mwingine, ili tu wawauzie wakusanyaji kitu adimu. Nyingi kati ya hizo zinameremeta hadi leo kwa sababu hazikuwahi kununua hata mkate.

Ninayoipenda kuliko zote ni nusu peni ya kupinga utumwa, ya miaka ya 1790. Mtu mweusi amepiga goti, minyororo mikononi, akiuliza: je, mimi si mtu na ndugu? Nikiiweka kando ya peni ya Parys nanyamaza kidogo, maana wakuu wa kampuni ile walitengeneza pia bidhaa za shaba zilizopelekwa Afrika Magharibi kununulia watu.

Muuzaji mmoja alinishauri niisugue kwa ndimu na majivu, kama sufuria. Nilikataa. Ndimu hula shaba, na ule weusi wake umejengwa kwa miaka mia mbili na zaidi. Goti la yule mtu limefutika kwa vidole vya walioipokea na kuitoa tena dukani. Swali lake bado linasomeka.