Tafadhali, msinifungie kuku wangu kwenye hotpoti

Ramadhani iliyopita nilishinda jikoni kwa mama tangu alasiri nikikaanga vidari vya kuku vya chenga za mkate. Vilitoka vya kupigiwa picha. Ukikigonga kimoja kwa ukucha, kinalia. Nikaenda kuoga, na niliporudi, adhana imekaribia, sinia tupu.

"Mama, kuku wako wapi?"

"Nimewahifadhi, mwanangu, wasipoe."

Akafunua hotpoti. Mvuke ukanipiga usoni, matone ya maji yamening'inia kwenye mfuniko, na kuku wangu wamelaliana mle ndani, gamba limelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Watu walikula, wakasifia. Mimi nilimeza tu.

Sina ugomvi na hotpoti kwa wali, wala kwa chapati. Chapati ikikosa hotpoti inakuwa kadibodi. Lakini kuku wa chenga, kuanzia buchani mpaka mezani, ni vita na maji, na hotpoti ni sawa na kumfungulia adui mlango saa ya ushindi. Watu huniuliza natia viungo gani, nami hujibu kwamba swali siyo hilo. Uliza maji yametoka wapi.

Tuanze na ndimu, na hapa najua nitagombana na wengi. Tumelelewa kwamba kuku hapikwi bila kukamuliwa ndimu na kupakwa tangawizi mbichi. Kwa kuku wa kuchoma sina neno. Huyu wa chenga ukimfanyia hivyo anakuwa chapachapa, unga ukimgusa unageuka uji, na ukifika kwenye karai gamba linavuka kama soksi. Mimi hutia chumvi nusu saa kabla, na kwa kuwa chumvi nayo huvuta maji, namfuta kwa kitambaa safi mpaka mkono ukipita haulowi. Pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, basi. Ndimu inasubiri mezani. Hata Vienna, wanakosifika kwa nyama ya ndama ya kukaanga kwa chenga, kipande cha limau huletwa pembeni ya sahani, kila mtu ajikamulie. Nilimwambia mama hayo, akanijibu hao wa Vienna hawajui kuku anavyonuka.

Kidari chenyewe kiwe cha kuku wa kisasa. Cha kienyeji kina ladha kukishinda, ila kinadai sufuria na subira, kiacheni kiende kwenye mchuzi. Nakichana kwa ubapa kipate vipande viwili, navifunika kwa nailoni, kisha navigonga kwa mti wa kusukumia chapati mpaka unene ufike kama sentimita 1 kila mahali. Kutwanga siyo mapambo. Kidari kina tumbo nene na mkia mwembamba, ukikikaanga hivyohivyo mkia utakuwa kuni wakati tumbo bado bichi.

Sasa mkate, na hapa ndipo watu wanapojiangusha. Chenga za pakiti nyingi nilizowahi kununua ni unga mtupu, zinatoa gamba jembamba na gumu lililoshikana kama lipu ya ukuta. Chukua mkate wa jana na juzi, ule ambao watoto wameanza kuukataa, ukate ukoko, uchambuechambue, uanike. Nilianika sinia zima uani kwa mama, nikaingia ndani kuchukua maji ya kunywa. Nilipotoka, kunguru watatu wako kazini na wa nne yuko juu ya ukuta anasimamia. Mkaaji wa Dar hakupaswa kukosea kiasi hicho. Siku hizi nakausha kwenye oveni kwa moto mdogo, na asiye na oveni atumie kikaango kikavu huku akigeuza. Ukikauka usiusage kwa blenda ukausahau. Uvunje kwa viganja, chenga zibaki kubwa na ndogo mchanganyiko. Zile kubwa ndizo zitakazolia mdomoni.

Wajapani wanalijua hili kuliko sisi, na cha kuchekesha ni kwamba tunatumia neno moja. Katlesi yetu ilitoka kwenye Kiingereza, nacho kililitoa neno kwa Wafaransa. Wajapani walilichukua hilohilo wakaliita katsuretsu, kisha wakalikata likabaki katsu. Wao neno liliwapeleka kwenye kipande kizima cha nyama kilichovishwa chenga nene za mkate usio na ukoko, zinazoitwa panko. Sisi lilitupeleka kwenye viazi vya kuponda na nyama ya kusaga, duara, ya kuchovya kwenye yai. Silalamiki. Katlesi ya Pwani naipenda, tena yenyewe hata ikilegea bado ni tamu. Ila kwa kuku, naomba niazime kwa mwenzetu wa Japani.

Kupaka ni sahani tatu: unga wa ngano, yai lililopigwa, chenga. Unga unakausha ngozi ya nyama ili yai lipate pa kushika, na yai ndiyo gundi. Kung'uta unga uliozidi, acha yai lichuruzike, kisha lalisha kipande kwenye chenga na ukikandamize kwa kiganja. Mkono mmoja uwe wa vikavu na mwingine wa yai, vinginevyo dakika ya tano vidole vyako ndivyo vitakuwa katlesi. Ukimaliza, viweke kwenye friji dakika 15 hivi gamba lishike. Hatua hii watu huiruka kwa sababu njaa imeshafika, halafu wanalalamika chenga zimebaki kwenye mafuta.

Mafuta yafike nusu ya unene wa kipande yakiwa yamepata moto kwelikweli, nyuzi kama 175. Kipimajoto sina. Natupa chenga moja: ikizama na kutulia, bado, ikichemka papo hapo na kuelea, tayari, ikiwa nyeusi kabla hujahesabu kumi, punguza moto. Yakiwa na joto la kutosha, maji ya ndani ya gamba yanageuka mvuke na kuyasukuma mafuta nje. Yakiwa vuguvugu, chenga zinakunywa mafuta, na ukiuma yanakutiririka mpaka kidevuni. Ndiyo maana siweki zaidi ya vipande viwili kwa mara moja, maana kila kipande kinapoza karai. Kwa jiko la mkaa ni kazi kidogo, lakini shangazi yangu anaiweza akiwa amefumba macho.

Dakika tatu upande mmoja, tatu upande wa pili, kisha vinatoka na kusimama juu ya wavu wa kuchomea nyama niliouweka juu ya sinia, hewa ipite chini. Siyo juu ya gazeti, wala juu ya tishu, kwa sababu upande uliolalia utaloa kwa mvuke wake wenyewe.

Jumapili iliyopita nilirudi kwa mama na wavu wangu chini ya kwapa. Alinitazama nikikaanga, hasemi kitu, mikono kiunoni. Kipande cha kwanza nilimpa kikiwa bado cha moto, akakila amesimama palepale kwenye jiko, bila sahani. Kililia. Akanyosha mkono akachukua cha pili, akakikamulia ndimu.

"Hivi ndivyo vinatakiwa kuliwa," akasema.

Kisha akavitazama vilivyobaki kwenye wavu, akafungua kabati. "Baba yako atarudi saa mbili. Vyake naviweka kwenye hotpoti."