Injini mpya kwa boti ya zamani: acha kukimbilia farasi

Ukiwa na boti ya Kimarekani ya miaka ya 1980 yenye V8 mbili za MerCruiser za lita 5.7 (injini za silinda nane), na nyuma yake miguu ya Alpha One inayoshika propela, siku ya kubadilisha injini ikifika utashawishika kuongeza nguvu za farasi. Usifanye hivyo. Weka injini za ukubwa uleule, zote mbili kwa mpigo, na pesa itakayobaki ielekeze kwenye egzosi, ukuta wa tezi (ule wa nyuma ya boti) na propela.

Piga hesabu. Boti ikishapanda juu ya maji, kasi yake hukua takriban kwa kipeuo cha pili cha nguvu. Kutoka farasi 260 hadi 300 kila upande ni ongezeko la nguvu la asilimia 15, ila kasi hupanda asilimia 7 hivi: aliyekuwa anakwenda maili 30 za baharini kwa saa atakwenda 32. Na hapo ndipo mwisho, kwa sababu Alpha One imewekewa kikomo cha farasi 300. Ukifunga injini ya farasi 350, gia za kichwa cha mguu hazitadumu, hasa boti ikiwa nzito. Wapo wanaohamia Bravo One, mguu mwingine wa MerCruiser. Ni mguu imara, lakini pampu ya maji ya bahari ya Alpha imo ndani ya mguu wenyewe, ya Bravo inazungushwa na injini. Utabadilisha pampu, mabomba, kebo za gia na sehemu kubwa ya vifaa vya ukutani, kila kitu mara mbili.

Ukuta wenyewe, ule wa nyuma unaobeba miguu, kwa ndani ni plaiwudi iliyofunikwa faiba. Injini zikishatolewa, ugonge wote kwa nyundo ya plastiki, kisha toboa kitundu kwa ndani karibu na sehemu ya chini ya tundu la mguu. Unga wa mbao ukitoka mkavu na mweupe, ziba kwa epoksi uendelee. Ukitoka mweusi na umelowa, kazi ya injini isubiri mpaka ukuta utengenezwe. MerCruiser inataka unene wa inchi 2 hadi 2 na robo.

Kuagiza bloku, yaani mwili wa injini, nako kuna mitego. Chevrolet 350, ndiyo msingi wa 5.7 ya MerCruiser, ya kabla ya 1986 ina sili ya nyuma ya krenki ya vipande viwili. Zilizofuata zina kipande kimoja, na flaiwili zake haziingiliani. Silinda hedi za Vortec, zilizokuja 1996, hushika manifoldi ya hewa kwa bolti 8 badala ya 12, hivyo ile ya zamani haitakaa. Tena baadhi ya boti pacha, yaani zenye injini mbili, zina injini moja iliyotengenezwa kuzunguka kinyume: kemshafti, stata na sili yake ni tofauti. Hakikisha kabla ya kulipa.

Injini ya gari ina bei rahisi, na ndiyo inayonitia hofu. Stata, alteneta na distributa za boti zimezibwa ili cheche isiwashe mvuke wa petroli uliotuama chini ya injini. Za gari hazijazibwa, na watu hulipukiwa.

Lakini kinachoua injini mpya nyingi ni manifoldi na viwiko vya egzosi vya zamani kurudishwa ili kubana matumizi. Kwa nje vimepakwa rangi vinang'aa. Kwa ndani, baada ya miaka 5 hivi ya maji ya chumvi, kutu imekula ukuta unaotenga njia ya maji na njia ya moshi. Maji hudondokea kwenye silinda injini ikiwa imezimwa. Asubuhi ukiwasha, pistoni inakutana na maji yasiyobanika, na konrodi inapinda. Funga vipya, na gasketi mpya. Kwenye boti pacha manifoldi ya upande wa nje hubanana na ubavu wa boti kiasi kwamba spana haigeuki, kwa hiyo vifungwe kabla injini hazijashushwa. Badilisha wakati huohuo mipira ya petroli, beringi ya gimbali (inayobeba shafti inayoingia kwenye mguu) na mipira ya kukunjana ya mguu.

Injini zikikaa, ingiza fimbo ya kulinganishia iliyopakwa grisi mpaka kwenye meno ya kapla, kiungo cha injini na shafti ya mguu. Iteleze kwa nguvu ya vidole viwili. Ichomoe utazame grisi: alama za meno zienee pande zote sawasawa. Zikiwa upande mmoja tu, pandisha au shusha viegemeo vya mbele vya injini, ujaribu tena. Ukiacha hivyo, kapla italika meno na beringi itanguruma.

Propela ije mwisho, boti ikiwa na tangi lililojaa na watu ndani, baada ya saa 20 za kuzoesha injini na kumwaga oili ya kwanza. Kwa 5.7 ya kabureta, mafuta yakifunguliwa yote, rpm (mizunguko kwa dakika) iwe kati ya 4400 na 4800. Ikiishia 4200, injini inaelemewa na pistoni zitaungua, punguza pichi, yaani mwendo wa propela kwa mzunguko mmoja. Kila inchi moja unayopunguza huongeza rpm 150 hadi 200, na propela zote mbili zibadilishwe pamoja.