Nani Kalipa Omena?

Simu ninayojifunzia Kispania imenichapa alama nyekundu tena asubuhi hii, eti pago si pagó. Mtu mzima, na heshima zangu, nasahihishwa na simu yenye kioo kilichopasuka!

Sisi mambo yetu yako mbele. Ninalipa, nililipa: ni- ni mimi, -na- ni sasa, -li- ni jana, na mzizi umetulia nyuma kama abiria aliyeshatoa nauli. Mhispania kila kitu anakipachika mkiani. Anachukua pagar, kulipa, anakata -ar, anaunga: pago, pagas, paga, pagamos, pagáis, pagan. Hiyo ya sasa. Ya jana: pagué, pagaste, pagó, pagamos, pagasteis, pagaron. U ya pagué haisomwi, ni askari tu wa kulinda g. Bila yeye, g mbele ya e inageuka kh ya kheri.

Pago, nalipa. Pagó, alilipa. Kimstari kimoja juu ya o! Na ulimi wa huku hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, labda useme mambo yako barabara, ile ya sawasawa, si ile ya magari.

Haya, mpeleke mwanafunzi wa Kispania sokoni Kibuye, Kisumu, akachukue gorogoro, lile kopo la kupimia, ya omena, dagaa wetu. Mama anauliza, "Omera, pesa iko wapi?" Anataka kusema mwenzake alilipa, ulimi unateleza, pago. Kajitwika deni, mkono wa mama uko hewani. Anajirekebisha: pagué, nililipa. Uongo, na mama ana daftari. Anakimbilia wingi: pagamos! Hapo mama ameshindwa. Tunalipa ni pagamos, tulilipa ni pagamos, herufi kwa herufi. Mpaka mtu atie ayer, jana, ndipo ijulikane. Neno hili lilitungwa na mdeni, nakuapia. Maana kwa comer hakuna mchezo huo: comemos tunakula, comimos tulikula. Yaani kula kuna ushahidi, kulipa hakuna!

Pagáis na pagasteis ni za Uhispania. Anayesoma Kispania cha Mexico atumie pagan na pagaron, apumzike.

Tener, kuwa na kitu, usiiulize: tengo leo, tuve jana.

Halafu fui. Nilienda, fui. Nilikuwa, fui. Vitenzi viwili, ir na ser, wakati uliopita wanavaa shati moja, fui, fuiste, fue, na hakuna anayeona aibu.

Na hizo gorogoro zenyewe siku hizi zimegongwa kitako kikaingia ndani. Unapimiwa omena nusu, nusu hewa, halafu unaambiwa ongeza ya mfuko.