Vunjo haikumkataa Mrema kwa uzee wake

Kila mwanasiasa mkongwe anapochukua fomu tena, vijiwe vya Dar es Salaam vina jibu moja: mzee kachoka, akapumzike. Ndivyo walivyosema pia mwaka 2020 Augustino Lyatonga Mrema alipoingia kugombea ubunge wa Vunjo, mkoani Kilimanjaro, akiwa na miaka 75. Anachekesha, wakasema. Hajui kustaafu. Mimi msimu ule wa kampeni nilikuwa Himo kwa shughuli zangu, na kwa watu wenye kadi ya kupigia kura sikuyasikia hayo ya uzee hata kidogo.

Sokoni nilimkuta mama mmoja akipanga mafungu ya ndizi. Nikamchokoza: "Mama, mwaka huu Lyatonga vipi?" Akacheka, akasema anampenda mpaka leo, mume wake alikuwa miongoni mwa vijana waliosukuma gari lake mwaka 1995. Halafu akanigeukia. "Ila kaka, nimpe kura akafanye nini? Si ameshasema Magufuli anatosha?" Akarudi kwenye ndizi zake. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akisubiri mzigo akauliza hiyo 1995 kulikuwa na nini. Hakuwa amezaliwa.

Basi kwa faida ya huyo kijana. Mrema alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kwenye serikali ya Mzee Mwinyi, akapewa na cheo cha Naibu Waziri Mkuu ambacho hakimo kwenye Katiba. Alijulikana kwa siku saba. Akitoka mbele ya kamera akasema fulani ana siku saba awe amelipa, amerudisha, amejieleza, nchi nzima ilihesabu naye. Mama aliyetelekezwa na mume alikwenda ofisini kwake na akasikilizwa. Wanasheria walinung'unika kwamba waziri hawezi kuwa polisi, hakimu na mshenga kwa wakati mmoja, na kwa kweli walikuwa na hoja. Wananchi hawakujali. Walikuwa wamepata mkubwa anayegomba kwa niaba yao.

Mapema 1995 akatofautiana na serikali yake kwa mambo ya rushwa, akatoka CCM, akaingia chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi. Watu wakazima injini ya gari lake wakalisukuma wenyewe kwa mikono. Ilibidi Mwalimu Nyerere azunguke nchi kumnadi Benjamin Mkapa, na bado Mrema akaondoka na karibu asilimia 28 ya kura za urais. Mwaka uliofuata Temeke ikampa ubunge kwenye uchaguzi mdogo. Mchagga wa Kiraracha, mbunge wa Temeke! Leo ukilisema hilo mtu anadhani unamtania.

Kilichofuata ni mteremko. Aligombana na akina Mabere Marando ndani ya NCCR, akahamia chama kidogo cha TLP mwaka 1999, na urais wa mwaka 2000 ukampa chini ya asilimia 8. Mwaka 2005 hakufikisha hata asilimia moja. Wachambuzi wakamwandikia tanzia ya kisiasa. Miaka mitano baadaye Vunjo ikamchagua kuwa mbunge, kwa tiketi ya TLP, chama ambacho nje ya jina lake wengi wasingekitambua.

Hapo ndipo nadharia ya uzee inapokwama. Mwaka 2010 alikuwa na miaka 65, afya yake haikuwa nzuri, na vituko vilikuwa vilevile. Kwa nini wakamchagua? Kwa ninavyoona mimi, watu wa Vunjo walikuwa na ugomvi na CCM, na walitaka fimbo. Mrema alikuwa fimbo wanayoijua, iliyowahi kuchapa, na ilikuwa ya nyumbani. Sera za TLP hakuna aliyeziuliza.

Mwaka 2015 fimbo ikawa nyingine. Vyama vya UKAWA, umoja wa wapinzani, viliachiana majimbo, Vunjo ikaangukia kwa James Mbatia wa NCCR-Mageuzi, na upepo wa Lowassa, mgombea urais wa umoja huo, ulikuwa unavuma Kaskazini yote. Mrema alikuwa nje ya umoja ule, tena ametumia muda mwingi bungeni akiwasema vizuri watawala na kuwasema vibaya wapinzani wenzake. Akashindwa. Mwaka 2016 Rais Magufuli akamteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, kazi ambayo, nikiwa mkweli, ilimfaa: mtu wa kusikiliza shida za wafungwa. Lakini mwenye kupewa kazi na serikali hawezi tena kuipa serikali siku saba.

Nimewahi kubishana na rafiki yangu mmoja juu ya hili. Yeye anasema Watanzania hawawapi kura wanasiasa wasiofanana na wengine, basi. Mfano wake ni Hashim Rungwe, mzee wa ubwabwa, aliyeahidi kuwalisha watu wali. Kweli, Rungwe aligombea urais mara tatu, 2010 kwa NCCR-Mageuzi, kisha 2015 na 2020 kwa CHAUMMA, na hakuna mara aliyofika hata nusu ya asilimia moja, ingawa kila mtu alikuwa akimnukuu. Mimi naona Rungwe ni kesi nyingine kabisa. Huyo hakuwahi kuwa na nguvu mikononi watu wakaona anaitumiaje, kwa hiyo walibaki na ahadi tu. Na ahadi yenyewe, ukiacha kicheko, haikuwa ya kijinga. Kuna watoto wanashinda shuleni na njaa mpaka kengele ya mwisho. Tulicheka kwa sababu aliisema kwa lugha ya jikoni badala ya lugha ya warsha.

Mchungaji Christopher Mtikila naye angeingizwa kwenye kundi hilohilo la vituko, na ndiye aliyekwenda kushinda kesi ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama, kwenye Mahakama ya Afrika pale Arusha mwaka 2013. Hukumu ipo, utekelezaji haupo. Matokeo yake kila mwanasiasa wa aina hii lazima awe na chama, na mara nyingi hukimiliki chama kama shamba.

Hilo linanirudisha 2020. TLP ya Mrema haikusimamisha mgombea urais, ilimuunga mkono Magufuli wa CCM. Wakati huohuo mwenyekiti wake anawaomba wana-Vunjo wamkatae mgombea ubunge wa CCM, Charles Kimei, mtu aliyeiongoza benki ya CRDB kwa takribani miaka 20. Sasa wewe mpiga kura wa Marangu au Mwika unaifanyaje hesabu hiyo? Kama CCM ni nzuri, mgombea wake huyo hapo, ana chama tawala nyuma yake na anajua fedha. Kama ni mbaya, Mbatia naye huyo hapo, bado anagombea. Anayetaka kuipinga ana pa kwenda, na anayetaka kuwa nayo ana pa kwenda. Mrema alibaki katikati, mahali ambapo hapana kura, akashindwa.

Najua uchaguzi wa 2020 ulilalamikiwa na wapinzani karibu kila kona ya nchi, na sitayachukua matokeo yake kama kipimo kamili cha nia za watu. Lakini sababu aliyonipa yule mama ilikuwa yake, aliitoa kabla ya kura hata moja kuhesabiwa, na sikuhitaji kumvuta ulimi.

Mrema alifariki Agosti 2022, miezi michache baada ya ndoa yake iliyowapa watu wa mitandaoni cha kuchekea. Wengi waliomlilia waliandika kwamba Vunjo ilimtupa mzee wake. Sikubaliani nao. Vunjo ilimsikiliza kuliko hao waandishi: alisimama mbele ya watu wake akasema CCM inafaa kuongoza nchi, wakaona hakuna sababu ya kuwa na mtu mwingine wa kuwaambia hilohilo bungeni.